Elimu ya Marekani ilitoka wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yamekusanywa kwa muda mrefu, mengine yanatoka kwa wazazi waliohamia kule na watoto wanashangaa mfumo ulivyo, mengine kwa vijana wanaotafuta nafasi za vyuo, na mengine ni ya watu wanaopenda historia tu. Sijayapa uzito sawa, palipo na mambo mazito nimekaa zaidi. Utaona jambo moja linajirudia, karibu kila swali ukilichimba linaishia palepale: nani alikuwa anaruhusiwa kusoma na nani alikuwa anakatazwa.

Shule ya kwanza ilikuwa ipi?

Kama tunaongelea shule za walowezi wa Kiingereza basi ni Boston Latin School ya mwaka 1635, na mpaka leo ipo, watoto wanaingia asubuhi kama kawaida. Mwaka uliofuata, 1636, kikaanzishwa chuo ambacho baadae kilipewa jina la John Harvard, mchungaji kijana aliyefariki 1638 akakiachia nusu ya mali yake na vitabu vyake kama 400 hivi. Mji wenyewe wa Boston ulikuwa na miaka mitano sita tu tangu watu washuke melini.

Lakini nasema shule za walowezi kwa makusudi kabisa. Wenyeji wa asili wa nchi ile walikuwa wanafundisha watoto wao maelfu ya miaka kabla ya hapo, kulima mahindi, kusoma nyota, kujua ukoo na mipaka ya kabila, yote kwa mdomo na kwa kufanya. Hiyo nayo ni elimu na tutarudi kuona walichofanyiwa.

Kwanini walikuwa na haraka ya shule namna hiyo?

Dini. Wapuritani, Waprotestanti wa msimamo mkali wa koloni la Massachusetts palipo Boston, waliamini kila mtu lazima asome Biblia kwa macho yake mwenyewe, asisubiri kusomewa. Mwaka 1642 wakatunga sheria ya kuwabana wazazi na mabwana wenye vijana wa kazi wahakikishe watoto wanajua kusoma, alafu 1647 ikaja ile sheria maarufu ambayo inaanza kwa kumtaja Shetani mdanganyifu, kwamba mpango wake mkubwa ni kuwazuia watu wasiyajue Maandiko, kwa hiyo kila mji wenye kaya 50 uajiri mwalimu wa kusoma na kuandika na ukifikisha kaya 100 ufungue shule ya kuandaa vijana kwa chuo. Mtoto alikuwa anaanza na kibao kidogo cha mbao chenye mpini, juu yake karatasi yenye herufi na Sala ya Bwana, imefunikwa na kipande chembamba cha pembe ya ng'ombe isichafuke. Wewe uliyesoma chuoni kule Pwani na ubao wako hapo umeshaelewa.

Kusini mambo yalikuwa tofauti kabisa. Virginia ilikuwa ya mashamba makubwa yaliyotawanyika, tajiri analeta mwalimu nyumbani au anampeleka mwanae Uingereza, maskini anabaki hivyohivyo. Gavana wao William Berkeley aliandika mwaka 1671 kwamba anamshukuru Mungu kwake hakuna shule za bure wala mitambo ya kuchapa, manake elimu kwa maoni yake inaleta uasi. Tofauti hiyo ya Kaskazini na Kusini imeendelea kuwatafuna karne tatu mbele.

Mbona kila jimbo lina mambo yake? Hawana wizara moja kama sisi?

Katiba ya Marekani haina hata neno moja kuhusu elimu. Kisichotajwa mle kinabaki kwa majimbo, na majimbo nayo yakaachia wilaya za shule, ambazo saivi ziko kama 13,000 na mwishoni mwa miaka ya 1930 zilikuwa zaidi ya 100,000, yaani kila kijiji na bodi yake. Wizara ya elimu ya kitaifa iliyo kamili imeanzishwa kwa sheria ya 1979 wakati wa Rais Carter, na hela ya serikali kuu kwenye shule za msingi na sekondari ni karibu asilimia 10 tu ya fedha zote, miaka mingine hata chini ya hapo.

Sehemu kubwa ya hela inayobaki inatoka jimboni na kwenye kodi ya majengo ya palepale mtaani, na hapo ndo pana tatizo. San Antonio, Texas, mwishoni mwa miaka ya 1960 kulikuwa na wilaya ya Edgewood, wengi ni watu wenye asili ya Mexico, kodi yao ya majengo iliwapa dola 26 kwa kila mwanafunzi. Wilaya ya Alamo Heights, mji uleule mmoja, ilipata dola 333. Na watu wa Edgewood walikuwa wanajitoza kodi kwa kiwango cha juu kuliko wale wenzao! Shida ni kwamba nyumba zao hazina thamani. Mzazi mmoja, Demetrio Rodriguez, akaenda mahakamani na wenzake, kesi ikafika Mahakama ya Juu, na mwaka 1973 wakashindwa kwa kura tano kwa nne, majaji wakasema elimu sio haki inayolindwa na katiba ya taifa. Kwa hiyo ukisikia Wamarekani wanatafuta nyumba kwa kuangalia shule kwanza, sababu ni hiyo, na mimi naona ile kura moja imeumiza watoto wengi kuliko hukumu nyingi tunazozisikia kila siku.

Shule za bure kwa wote zilianzaje?

Jina utakalolisikia ni Horace Mann. Mwaka 1837 alikuwa katibu wa kwanza wa bodi ya elimu Massachusetts, akazunguka jimbo akiwa juu ya farasi kukagua shule, akakuta mabanda ya baridi, walimu hawajafunzwa popote, vitabu kila mtoto na chake cha nyumbani. Akapigania kodi igharamie shule, mtoto wa tajiri na wa fundi viatu wakae benchi moja, na 1839 kikafunguliwa chuo cha ualimu cha serikali huko Lexington. Alienda mpaka Prussia mwaka 1843 kuangalia wenzake wanafanyaje. Massachusetts ikawa jimbo la kwanza kulazimisha watoto kwenda shule, 1852. La mwisho ni Mississippi, 1918. Kati ya hiyo miaka miwili kuna miaka 66.

Hela nyingine ilitoka kwenye ardhi. Sheria ya 1785 ilisema kila eneo jipya la magharibi likipimwa ligawanywe vipande 36, na kipande namba 16 kiwe cha shule. Mpango mzuri, ila ile ardhi ilikuwa ya watu. Hilo kwenye vitabu vya shule wanalipitia harakaharaka.

Ni kweli ilikuwa kosa la jinai kumfundisha mtumwa kusoma?

Ni kweli, sio kila jimbo na sio kila wakati, ila ni kweli. South Carolina walikataza kuwafundisha kuandika toka 1740, baada ya uasi wa watumwa mwaka uliotangulia. North Carolina 1830. Na baada ya Nat Turner, mtumwa aliyejua kusoma na kuhubiri, kuongoza uasi Virginia mwezi wa nane 1831, majimbo ya kusini yakakaza zaidi, faini, jela, na viboko kwa mweusi atakayekutwa anafundisha. Mabwana hawakuwa wajinga, walijua mtu anayejua kuandika anaweza kujiandikia cheti cha ruhusa akatoroka nacho.

Frederick Douglass alipokuwa mtoto Baltimore, mke wa bwana, Sophia Auld, alianza kumfundisha herufi kwa moyo mweupe tu, mume akagundua akamkataza vikali, akasema mtumwa akijua kusoma hafai tena kuwa mtumwa. Mtoto alikuwa anasikia. Douglass ameandika mwenyewe mwaka 1845 kwamba siku ile ndo alielewa njia ya uhuru iko wapi, akawa anabeba mkate kutoka jikoni anawapa watoto wa kizungu maskini wa mtaani, ambao nyumbani kwao hawashibi, na wao wanamlipa kwa kumsomesha. Mkate kwa herufi. Nimeisoma hiyo sehemu mara nyingi na kila mara inanishika.

Na tusidhani Kaskazini walikuwa malaika. Mwalimu Prudence Crandall, mwanamke wa kizungu wa Canterbury, Connecticut, alifungua shule ya wasichana weusi 1833, jimbo likatunga sheria ya kumzuia, akalala jela usiku mmoja, kisima chake kikatiwa uchafu, na mwaka 1834 kundi la watu likavamia usiku likavunja madirisha mpaka akafunga.

Utumwa ulipoisha walianzia wapi?

Walianza kabla haujaisha. Mwezi wa tisa 1861, vita ya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kaskazini na Kusini ndo kwanza imeanza, mwalimu mweusi aliyekuwa huru anaitwa Mary Peake alikuwa anafundisha watu waliokimbilia ngome ya Fort Monroe, Virginia, chini ya mti wa mwaloni. Kisheria Virginia ilikuwa bado imekataza. Alifariki kwa kifua kikuu miezi michache baadae ila ule mti upo hadi leo kwenye ardhi ya Hampton University.

Baada ya vita ilikuwa mafuriko. Wazee wa miaka sitini wamekaa na wajukuu kwenye kitabu kimoja, wanataka wasome Biblia wenyewe kabla hawajafa. Nikifika hapo namkumbuka bibi yangu na kisomo cha watu wazima miaka ya sabini, daftari limefungwa kwenye kona ya khanga, anatoka shambani anaenda darasani. Serikali kuu iliunda ofisi ya kuwasaidia walioachiwa huru, mwaka 1865 hadi 1872, makanisa yakaleta walimu, vyuo vikaota: Fisk 1866, Howard 1867, Hampton 1868. Na ilikuwa hatari, shule zilichomwa moto, walimu walipigwa.

Baadae wazungu wa kusini waliporudi madarakani hela ya shule za weusi ikakatwa karibu yote, na 1896 Mahakama ya Juu ikabariki ubaguzi kwenye kesi ya Plessy, ety mtengane ila muwe sawa. Usawa wenyewe haukuwepo. Hapo watu wakajenga wenyewe. Kuanzia 1912 tajiri wa kampuni ya Sears, Julius Rosenwald, akishirikiana na Booker T. Washington, alikuwa anatoa sehemu ya hela kwa sharti kijiji nacho kichange na serikali ya jimbo iweke chake. Mpaka 1932 shule karibu 5,000 zilikuwa zimesimama kwenye majimbo 15. Weusi wa vijijini, wakulima wa pamba wanaodaiwa madeni dukani, walichanga kama dola milioni 4.7, zaidi ya mfuko wenyewe wa Rosenwald! Wengine walitenga kipande cha shamba pamba yake iuzwe kwa ajili ya shule, wengine wakauza kuku, wakabeba mbao. Na kumbuka walikuwa wanalipa kodi kama wengine, yaani walilipia shule mara mbili. Hiyo ni harambee kabla hatujalijua hilo neno kisiasa.

Booker T. Washington na Du Bois waligombania nini, na inatuhusu nini sisi?

Inatuhusu sana, watu wengi hawajui.

Washington alizaliwa mtumwa, akasoma Hampton, na 1881 akaanzisha Tuskegee, Alabama. Msimamo wake: mweusi aanze na kazi ya mikono, kilimo, ufundi wa matofali, usafi, siasa itafuata. W.E.B. Du Bois, mweusi wa kwanza kupata udaktari wa falsafa Harvard, 1895, akasema hapana, watu wanaofundishwa kazi za mikono tu watabaki chini ya wanaofundishwa kufikiri na kutawala, tunataka vyuo kamili na kura. Mimi niko na Du Bois ingawa ninamheshimu Washington, manake aliyekuwa anaishi Alabama kati ya watu wenye kamba za kunyongea hakuwa na uhuru wa kusema kila kitu.

Sasa sikia. Mwaka 1924 tume ya mfuko wa Phelps-Stokes kutoka Marekani ilipita Afrika Mashariki, Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, mwenyekiti ni Thomas Jesse Jones aliyewahi kufundisha Hampton, na ndani yake alikuwepo Mwafrika mmoja msomi, James Aggrey kutoka Gold Coast. Tume ikawaambia wakoloni wa Kiingereza, Mwafrika apewe elimu ya mtindo wa Hampton na Tuskegee. Mwaka 1925 ikafunguliwa Jeanes School pale Kabete, jina limetoka kwa Anna Jeanes, mama mmoja tajiri wa Philadelphia aliyetoa dola milioni moja mwaka 1907 kwa ajili ya shule za weusi vijijini. Walimu wa Kabete walifundishwa kuzunguka shule za vijijini kuhimiza vyoo, bustani na ufundi. Ndo palepale palipokuja kuwa chuo cha utawala cha Kenya.

Wazee wetu walishtuka mapema. Walisema tunafundishwa kutumikia. Wakikuyu wakajenga shule zao huru, na mwaka 1939 Mbiyu Koinange akafungua chuo cha ualimu Githunguri, na huyu Koinange mwenyewe alikuwa amesoma Hampton kabla ya kwenda Ohio Wesleyan na Columbia, kwa hiyo aliujua ule mfumo kutokea ndani. Serikali ya kikoloni iliifunga Githunguri mwaka 1952. Ubishi wa Alabama ulikuja kupiganwa Kiambu.

Zile shule za bweni za wenyeji wa asili zilikuwaje?

Mwaka 1879 mwanajeshi Richard Henry Pratt alifungua shule ya Carlisle, Pennsylvania, kwenye kambi ya zamani ya jeshi. Kauli yake inajulikana, muue Mhindi ndani yake umuokoe mtu (Mhindi ndo jina wazungu walilowaita wenyeji wa asili, sio mtu wa India). Watoto waliletwa kwa treni kutoka mamia ya maili, wakifika wananyolewa nywele, na kwa makabila mengine nywele hukatwa kwenye msiba, kwa hiyo watoto walilia wakidhani kuna mtu kwao amekufa. Wanavuliwa nguo zao, wanapewa jina jipya la Kiingereza, na wakisikika wanaongea lugha ya mama wanaadhibiwa. Sisi tuliowahi kuvishwa kile kibao shingoni kwa sababu tumeongea lugha ya nyumbani tunajua chembe ya hayo, ila sisi jioni tulirudi kwa mama. Wao walikaa miaka.

Carlisle ilifungwa 1918 ila shule kama hizo ziliendelea. Uchunguzi wa serikali yenyewe, ripoti za 2022 na 2024, ulihesabu shule zaidi ya 400 kati ya 1819 na 1969, na vifo vya watoto visivyopungua 973. Rais Biden aliomba radhi rasmi mwezi wa kumi 2024. Lugha ambazo zimebaki na wazee watatu wanne ndo matokeo ya hizo shule, na makabila mengi saivi yanaendesha shule zao za kufufua lugha, kazi ngumu kweli.

Hukumu ya Brown mwaka 1954 si ndo ilimaliza ubaguzi shuleni?

Ilimaliza kwenye karatasi. Tarehe 17 Mei 1954 majaji wote tisa, jaji mkuu akiwa Earl Warren, walisema shule za kutenganishwa haziwezi kuwa sawa. Wakili aliyesimamia upande wa wazazi ni Thurgood Marshall, ambaye baadae, 1960, alikuja kuwashauri wajumbe wa Kiafrika wa Kenya kwenye mazungumzo ya katiba Lancaster House, London, na akaandika rasimu ya haki za binadamu kwa ajili yao.

Zilikuwa kesi tano zimeunganishwa, na ninayoipenda zaidi ilianzishwa na msichana wa miaka 16. Barbara Johns alikuwa anasoma Moton High School, Farmville, Virginia, shule iliyojengwa kwa wanafunzi 180 ikiwa na zaidi ya 450, waliozidi wanasomea kwenye mabanda ya mbao na karatasi za lami, ikinyesha inavuja, kwenye baridi wa karibu na jiko anaungua wa mbali anatetemeka. Tarehe 23 Aprili 1951 akaitisha wanafunzi ukumbini, walimu wakaombwa watoke, akawaambia tunagoma. Wakatoka wote.

Hukumu ilipotoka wazungu wa kaunti hiyohiyo, Prince Edward, wakaamua bora tukose wote. Mwaka 1959 walifunga shule zote za umma. Zote! Miaka mitano. Watoto wa kizungu wakafunguliwa shule binafsi, weusi wakabaki nyumbani, wengine wakapelekwa kwa ndugu majimbo mengine, wengine hawakurudi darasani tena maisha yao. Mpaka Mahakama ya Juu ilipoingilia tena 1964. Little Rock, Arkansas, mwaka 1957 wanafunzi tisa weusi walihitaji askari wa jeshi la taifa kuwasindikiza mpaka mlangoni, na New Orleans 1960 Ruby Bridges, miaka sita, alisoma karibu mwaka mzima peke yake darasani na mwalimu mmoja kwa sababu wazazi wa kizungu waliwatoa watoto wao.

Na bado. Wazungu wengi walihamia vitongoji vya nje ya miji, na 1974 kwenye kesi ya Detroit mahakama ikasema huwezi kuwalazimisha vitongoji kuchanganya wanafunzi na mji. Ukiunganisha hiyo na ile ya Edgewood utaelewa kwanini leo unaweza kuingia shule ya Marekani ukakuta karibu wote ni rangi moja, bila sheria yoyote ya ubaguzi kuwepo.

Hai skuli kwa kila mtu ilianza lini?

Shule ya kwanza ya umma ya aina hiyo ilifunguliwa Boston 1821, ila ilikuwa ya wachache. Mwaka 1910 vijana waliokuwa wanamaliza walikuwa kama asilimia 9 tu, 1940 wakafika karibu nusu. Hakuna nchi nyingine ilipanda kwa kasi ile wakati ule, na ilifanywa na miji midogo iliyokubali kujitoza kodi, sio serikali kuu.

Mabasi ya njano na likizo ndefu ya kiangazi?

Rangi iliamuliwa kwenye mkutano wa 1939 pale Columbia, New York, ulioitishwa na mwalimu Frank Cyr, manake rangi hiyo inaonekana hata alfajiri yenye giza. Likizo watu husema ni ya kilimo, sio kweli, vijijini watoto walihitajika shambani wakati wa kupanda na kuvuna, yaani masika na vuli, na kiangazi walikuwa wanasoma. Likizo ndefu imetoka zaidi mijini, joto kali na familia zenye uwezo kuondoka mjini.

Vyuo vikuu viliachaje kuwa vya matajiri?

Hatua mbili kubwa. Ya kwanza ni sheria ya Morrill, Lincoln aliisaini 1862 katikati ya vita, kila jimbo likapewa ekari 30,000 kwa kila mbunge na seneta wake, liuze lifungue chuo cha kilimo na ufundi. Vyuo vingi vikubwa vya majimbo vimetoka hapo. Ardhi iliyogawiwa ilizidi ekari milioni 10 na ilitoka kwa wenyeji wa asili, chuo kiko New York kinauza misitu ya Wisconsin.

Ya pili ni GI Bill ya 1944, wanajeshi waliorudi vitani walilipiwa masomo, kama milioni 2.2 wakaingia vyuoni, watoto wa wakulima na wa viwandani ambao kwao hajawahi kusoma mtu. Wanajeshi weusi walipewa haki ileile kwenye maandishi lakini vyuo vingi vya kusini viliwafungia mlango na vyuo vyao weusi vilikuwa vidogo, vikajaa vikakataa maelfu.

Wanawake je?

Oberlin, Ohio, iliwapokea 1837, miaka miwili baada ya kuamua kupokea weusi. Walimu wa shule za msingi karne ya 19 wengi walikuwa wanawake kwa sababu walilipwa kidogo kuliko wanaume kwa kazi ileile, na wilaya nyingi ziliwaachisha kazi wakiolewa. Mlango mkubwa ni sheria ya 1972 inayoitwa Title IX, shule inayopokea hela ya serikali kuu isibague jinsia, na mbunge Patsy Mink wa Hawaii alikuwa kati ya waliyoipigania zaidi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 wanawake ndo wengi vyuoni.

Wanafunzi wetu wa kwanza walianza kwenda lini?

Mmoja mmoja toka zamani kama Koinange, ila kundi kubwa ni la Tom Mboya. Waingereza walikuwa wanatoa nafasi chache mno, Mboya akazunguka Marekani akitafuta vyuo na nauli, na Septemba 1959 ndege ikatua New York na vijana 81. Waliochangisha hela ni pamoja na Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier, na 1960 mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Mpaka 1963 walienda karibu 800 kutoka Kenya na majirani zake. Wangari Maathai alienda 1960, akasoma biolojia kwa masista Atchison, Kansas. Vijana hao walifika kukiwa bado kuna miji hawaruhusiwi kula hotelini.

Mtoto mwenye ulemavu anapokelewa?

Kabla ya 1975 watoto kama milioni moja walikuwa wanakataliwa kabisa. Sheria ya mwaka huo inalazimisha shule ya umma impokee, bure, na imwandikie mpango wake binafsi, mzazi anakaa kikao na kusaini. Wazazi wetu wengi hawaombi hicho kikao kwa aibu. Ombeni, kwa maandishi.

Na mtoto asiye na makaratasi?

Texas ilijaribu kumzuia. Sheria yao ya 1975 iliruhusu wilaya kuwakataa, na mji wa Tyler ukawatoza watoto hao dola 1,000 kwa mwaka, kwa wazazi wanaofanya kazi viwandani na mashambani. Familia chache zikashtaki, zikiwa na hofu ya kufukuzwa nchini, siku ya mahakama walipanga kwenda alfajiri wasionekane, na wengine walipakia vitu vyao kwenye gari kabisa. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ikaamua, tano kwa nne tena, safari hii upande wa watoto: mtoto asiadhibiwe kwa uamuzi wa mzazi wake, shule ya umma impokee bure. Hukumu hiyo inaitwa Plyler na ndo inayotumika nchi nzima. Ukienda kuandikisha mtoto watakuomba uthibitisho wa umri, kadi ya chanjo na kitu cha kuonyesha unakaa eneo lile, mfano bili ya umeme au mkataba wa nyumba. Viza yake haiwezi kuwa sababu ya kumkatalia nafasi.